Baba Aliponiuliza Bob Ngapi

Al Khuwair, Muscat

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole tena mama, na sijui nikupe pole mara ngapi ndipo itoshe. Mguu umepungua kuvimba? Unapata usingizi? Mimi mwili hauna neno. Barua hii anakuletea Rehema, jirani yangu wa huku anayekuja likizo Voi, maana kwenye simu nikisikia sauti yako nashindwa kusema.

Nisamehe kwa kutokuja kumzika baba. Mwenye nyumba ninakofanya kazi alisema mkataba haujaisha, basi nikawa naosha vyombo saa ile ile mliyokuwa mkimshusha.

Lakini kuna linaloniuma zaidi, nawe hulijui. Unakumbuka kila Ijumaa ukimpa baba simu? Hakuniuliza hali hata siku moja. Swali lake lilikuwa, "Wakesho, huko nyanya ni bob ngapi?" Wiki nyingine vitunguu, wiki nyingine chai. Nilichoka, mama. Nilidhani anaupima mshahara wangu. Mwezi mmoja kabla hajafariki nilimkatiza: "Baba, huku hakuna bob, ni riyali. Acha kuniuliza bei." Akasema, "Haya mama, ongea na mama yako." Hakuuliza tena.

Juzi nilikuwa namkanda miguu Bibi, mama wa mwenye nyumba, ambaye alizaliwa Unguja. Nikamsimulia.

"Hiyo bob ndo kitu gani, mwanangu? Sie tukisema shilingi."

Nikamweleza ni shilingi hiyo hiyo, jina walilotuachia Waingereza. Iwe moja au elfu, ni bob tu. Benki hawaiandiki, na mhazini akisoma sadaka kanisani husema shilingi. Bob ni ya sokoni na nyumbani, unaisema na mtu usiyemwogopa.

"Na babako akiuza nini?"

"Nyanya, Bibi. Miaka yote."

"Basi hakutaka pesa zako huyo. Mtu wa soko, akitaka kujua unaishi vipi."

Mikono yangu ikasimama. Nilikumbuka siku ya wazazi shuleni, wenzangu wanakumbatiwa, baba ananiuliza mkate wa kantini ni bob ngapi, halafu ananitazama tumbo kuona kama nashiba. Nililia hadi Bibi akanifuta kwa kanga yake. Nilimjibu vibaya baba yangu, mama, na sina pa kwenda kumwomba radhi.

Ijumaa hii nilitoka kwenda kwenye kibanda cha chai hapa barabarani. Watu wa huku hawashuki, wanapiga honi wanaletewa chai garini. Mimi nilisimama kati ya magari yao, nikalipa baisa mia, yaani sehemu ya kumi ya riyali, nikapiga hesabu polepole kwa kichwa kama baba alivyonifundisha mezani pake sokoni.

Msalimie kaka Mwakio, mwambie ile meza ya baba sokoni asiiuze. Msalimie na shangazi anayekupikia siku hizi, Mungu amzidishie.

Nawe ukienda kupalilia pale alipolala, niongelee naye. Mwambie chai ya Muscat ni bob thelathini na tatu, ina maziwa na sukari nyingi mno. Mkate ni bob hamsini. Mwambie nashiba.

Ni mimi mtoto wenu,
Wakesho