Mlio wa Kijiko

Jumanne, 2 Septemba 1997
Afande Pastory kanifokea mbele ya wanaume wote. Eti kila nikichomoa bastola kiunoni naishika kivyake, mara juu, mara chini. "Eufrasia, mkono huo una wenyewe wangapi?" Mashindano ya shabaha ya polisi ni mwezi ujao na mwanamke ni mimi peke yangu. Anataka mkono ushuke palepale, ushike vilevile, mpaka usiisubiri akili. Na kidole kikae nje ya triga. Nimeitikia ndiyo afande. Moyoni nimemtukana.

Jioni Feliksi wangu kaja na kitu ndani ya gazeti. Bastola ya mninga! Kaichonga mwenyewe, maana ya kazini hailali nyumbani. Fundi huyu! Vita ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, ilimwua mke, ikamtupa huku Ujiji na randa yake moja. Tumekaa uani kwangu Katubuka, yeye anagonga sufuria kwa kijiko — ngaa! — mimi nachomoa. Ngaa! Nachomoa. Jirani Hidaya kachungulia, kauliza kama ugali umeshaiva. Tumecheka mpaka machozi.

Jumapili, 7 Septemba
Mkono sasa unakwenda wenyewe. Nilikuwa nachambua dagaa, Feliksi kagonga kwa uchokozi tu — mkono huo kiunoni, na dagaa zake! Nampenda mtu huyu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 12 Septemba
Wavuvi wa Katonga wamemletea habari kutoka ng'ambo. Mkewe yu hai.
Na mimi niliyemwashia marehemu mshumaa kanisani! "Bibi iko muzima," kaniambia, analia, anacheka. Nikamwambia hongera. Hongera! Mdomo huu.
Sikula.

Jumatatu, 15 Septemba
Kajiandikisha meli ya Alhamisi, ile ya kuwarudisha wakimbizi kwao. Nikamwuliza, na mimi je? Akatazama viganja vyake. Kasema kama mke angekuwa amekufa kweli, asingeondoka kwangu hata kwa fimbo. Sasa neno hilo nilifanyie nini? Nimwombee mwenzangu kifo? Nilimwombea. Kidogo tu. Mungu anisamehe.

Na balaa halina adabu — Afande kanipanga ulinzi bandarini siku hiyohiyo. Nivae bastola, nizoee uzito. Nimemwambia Feliksi: bandarini usinisemeshe, usiniage, nitalia na sare ya serikali. Akasema sawa, Afande.
Akaomba ile sufuria. Nimempa, na kijiko chake.

Alhamisi, 18 Septemba
Naandika kwenye benchi, chumba cha polisi bandarini. Mwandiko gani huu! Bastola wameichukua.

Alikuwa kwenye foleni, mzigo kichwani, sufuria mkononi. Hakunisemesha. Kanipita hivi, kimya, kama nilivyomwagiza. Alipofika kwenye ngazi ya meli akageuka, anatabasamu, akainua kijiko. Ngaa!
Ndiyo kwaheri yake.

Mkono ukaenda. Palepale, vilevile. Sijawahi kuichomoa safi namna ile tangu nizaliwe. Kuja kushtuka, mtutu umeelekea kifuani kwa Feliksi. Kidole kilikuwa nje. Yebabawe, kidole kilikuwa nje!

Foleni nzima ililala chini. Akina mama juu ya watoto wao, bila hata kelele. Wanajua namna ya kulala, watu hawa. Nilimngoja Feliksi acheke. Cheka basi! Akaiweka sufuria chini, taratibu, akanyanyua mikono juu. Macho yale sikuyajua. Alikuwa anamtazama askari.

Nilitaka kusema ni mimi. 

Afande Pastory kanibandua vidole kwenye mpini kimoja kimoja. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema nikae hapa, mkubwa anakuja, nisithubutu kutoka.

Feliksi wamempandisha melini; sufuria wameileta, iko miguuni pangu. Nimetazama ndani. Kijiko hakimo. Nimeinamisha, nimetikisa. Hakimo.
Honi ya pili ya meli hiyo. Na Afande kaenda, kaacha mlango wazi.