Saa Tisa Bwawani

Reykjavik, Alhamisi

Mdogo wangu Sturla,

Baba hajambo sasa, usikimbilie ndege. Ofisi yetu imechaguliwa kwenye utafiti wa kupunguza saa za kazi! Tumefuta vikao virefu, tunatoka saa tisa alasiri, na hakuna kazi iliyolala. Baba alinicheka: "Sisi wavuvi tulivua samaki siku mbili bila kulala, nyie mnapimwa uvivu?" Lakini kwenye bwawa la maji moto, ninakokwenda naye siku hizi nikitoka kazini, anawatambia wazee wenzake: "Binti yangu yumo kwenye utafiti!"

Jumanne alizimia humo majini. Nilimdaka kabla hajazama. Zamani, saa ile ningekuwa kikaoni.

Leo mtafiti kaniuliza nimefaidi nini. Nikamwambia aandike neno moja tu: nilikuwepo.

Dada yako,
Steinvor