Tangu Uondoke, Televisheni Haijanyamaza

Kukhu, nyanya yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza, wewe na mimi. Kiluhya chako nakisikia, lakini ulimi wangu unakikosea. Kijaluo cha Mama wewe ulikikataa, ingawa Mama mwenyewe ulimpenda. Basi tulikutana katika kile Kiswahili chako cha sokoni Otonglo, ambacho mwalimu wangu angekitia wino mwekundu chote. Sasa sina wa kuzungumza naye hata hicho.

Nyumba ni ile ile. Baba bado anafanya kazi kwenye bohari la reli, na Mama bado anakwenda ufukweni Dunga asubuhi kununua samaki wa kuuza. Kilichobadilika ni jioni. Wakati wa matanga yako Baba aliifunika televisheni kwa shuka, ikakaa pembeni kama mgeni aliyejificha uso. Tuliporudi kutoka kukuzika kule kijijini kwetu Luanda, nilidhani itabaki hivyo kwa muda. Jioni hiyo hiyo Baba aliivua shuka na kuiwasha, hata kabla Mama hajawasha jiko. Niliumia, Kukhu. Niliona kana kwamba tumekuzika mara ya pili.

Unakumbuka ilivyokuja? Kwanza tuliiona kwenye ukumbi wa mtaa, watu wamesimama mpaka nje, na wewe ukasema hutaki kusukumwa kwa ajili ya picha. Halafu Mama Wanjiru wa dukani akanunua yake, na watoto wote wa mtaa wakahamia kwake. Alisimama mlangoni na ndoo ya maji. "Miguu kwanza! Hapa si Dunga!" Ukamjibu kutoka uani kwetu, "Waoshe na masikio, wakusikie vizuri!" Mtaa mzima ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Kisha Baba akaleta yetu, yenye miguu minne na milango ya mbao. Mama aliishonea kitambaa cha maua. Baba alipanda juu ya paa kugeuza eriali, sisi tukapiga kelele dirishani, "Hapo! Hapo! Aa, umepita!" Picha ilipotulia akatokea yule bwana msoma habari, amevaa tai, anatutazama. Wewe ulikuwa umeshika tonge la ugali. Ulilirudisha kwenye sahani, ukavuta leso, ukainuka.

"Mama, kuna nini?" Baba akauliza.

"Mkwe wangu huyu. Nitakulaje mbele yake?"

Kweli alifanana na mume wa Shangazi Rasoa, paji la uso na masikio. Baba akakwambia huyo ni mtu mwingine, tena yuko Nairobi. Ukasema, "Na mkwe wangu yuko wapi? Si Nairobi hiyo hiyo?" Mama Wanjiru, aliyekuja kuona kitu kipya, akajaribu, "Mama Mzee, hakuoni. Ni picha tu." Ukamtazama kwa huruma. "Mimi namwona. Yeye amefungwa macho?"

Tangu siku hiyo, habari zilipoanza ulichukua sahani yako ukaenda kukaa jikoni, kwenye kigoda nyuma ya mlango. Nami nikakufuata na yangu. Wengine walidhani nakuonea huruma. Sivyo. Yule bwana alipoeleza ya mawaziri na ya nchi za mbali, wewe uliniuliza ya darasani, nani amepigwa, nani amepasi, kwa nini mto wa Ahero unafurika na mashamba yanazama kila mara. Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu yeyote, hata mwalimu. Ni ajabu, lakini televisheni ndiyo iliyonipa wewe.

Baada ya matanga nilijaribu kukaa pale jikoni peke yangu. Kigoda chako kilikuwa kitupu. Nikarudi sebuleni, nikakaa na wengine. Huko nako macho yote yako mbele. Mdogo wangu Truphosa anaimba matangazo ya sabuni neno kwa neno. Mama anashona, anasinzia. Watu wamejaa chumba, Kukhu, na mimi niko peke yangu.

Na nilikuwa na neno la kusema. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake. Alisema nimepata nafasi ya kidato cha tano kwenye shule ya bweni, ila mzazi lazima afike mwenyewe kukubali, mwisho Ijumaa, la sivyo nafasi hiyo atapewa msichana mwingine. Jumatatu nilisema, "Baba, shuleni..." Akainua mkono. "Ngoja habari." Habari zikaisha, mieleka ikaanza. Jumanne vilevile. Jumatano nilianza kulia kabla hata sijasema, na hakuna aliyeona, kwa sababu taa huwa zinazimwa ili picha ionekane vizuri.

Alhamisi nilisimama katikati, mgongo kwa televisheni.

"Toka hapo! Wewe ni kioo?"

Sikutoka. Nilisema yote kwa pumzi moja, kidato cha tano, kesho, mwisho. Nyuma yangu yule bwana aliendelea kusoma habari. Baba aliacha kuichungulia picha, akanitazama. Kisha akasema, "Rudia. Pole pole." Nikarudia.

Ijumaa alikuja, amevaa koti lake la kanisani. Alitia sahihi bila kuuliza karo. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani hakukuwa na kitu cha kutazama ila barabara. Ndipo alipozungumza. Aliniambia ulivyombeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka stesheni, ili tu aone gari moshi, na kwamba kazi yake ya reli ilianzia hapo. Hukuwahi kuniambia hilo! Nikapata ujasiri. Nikamuuliza kwa nini aliiwasha televisheni jioni ile tuliyotoka kukuzika.

"Nyumba ikinyamaza," akasema, "namsikia Mama akikohoa."

Sikujua, Kukhu. Nilidhani amekusahau, kumbe anakusikia kila siku.

Bado naona upweke. Sitakudanganya. Barua hii haitajibiwa, na shule ya bweni iko mbali na kila mtu ninayemjua. Lakini nitakwenda, na nitasoma kama ulivyotaka.

Lala vizuri huko Luanda, mama wa Baba. Hili ndilo ninalokuahidi. Mpaka siku ya kuondoka nitakaa kando ya Baba kila jioni. Wengine wakishaenda kulala, wimbo wa taifa ukipigwa, na picha ikijikunja mpaka ibaki nukta moja nyeupe katikati ya giza, nitakuwa pale. Nukta ikizimika nitamwambia neno lolote, hata la kipuuzi, ili asibaki na kimya kile peke yake.

Mjukuu wako,
Eseri