Siku Delmar Aliposubiri Jina Lake

Gary, Indiana
Juni 30, 1983

Kaka Rayford mpendwa,

Ukisikia huko Alaska kwamba Gary bado imesimama ingawa viwanda vya chuma vinafungwa, ujue ni mimi ninayeushikilia mji huu. Barabarani sipiti kwa salamu. Lakini kwanza, hujambo? Baridi haijakung'oa masikio? Sisi tu wazima, ila mkeo Verlene hapati usingizi, na nitakueleza kwa nini.

Unamjua mwanao Delmar tangu sekondari: alikuwa akiruka mpaka njiwa wa paa la ukumbi wanahama. Makocha wa vyuo walipojipanga mlangoni, mimi ndiye niliyewachuja. Usibishe, hukuwepo. Sasa kamaliza chuo, na juzi Jumanne klabu za kulipwa za mpira wa kikapu zilikuwa zinachagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi. Wa raundi ya kwanza ana mkataba wa uhakika. Wa nyuma anakwenda kugombania nafasi kambini, akishindwa anarudi hapa, na hapa kiwanda hakimchukui mtu.

Kocha wake alituambia klabu moja inamtaka raundi ya kwanza, ila itapiga simu kwanza kuuliza habari za kifundo cha mguu alichoteguka Machi. Verlene akatangaza kwamba atakayegusa simu atakula sehemu yake ya mbavu za kuchoma nje na mbwa. Nikajitolea kuilinda. Nikaivuta na waya wake mpaka bafuni, nikafunga mlango.

Zamu ya klabu ile ikafika, televisheni ikataja jina la kijana mwingine. Jirani yetu Bibi Odessa akasema, "Huyo kasoma vibaya, mpeni miwani!" Hakuna aliyecheka. Delmar akalegeza tai, akaniuliza, "Baba mdogo, kweli hawakupiga?" Nikamjibu, "Simu haikulia hata mara moja, mwanangu." Na haikulia kweli.

Raundi ya pili ikapita, mbavu zikapoa. Alitajwa raundi ya tatu, na klabu yenye wachezaji tele wa nafasi yake. Verlene alishangilia, kisha akaketi akalia. Jana na leo asubuhi kijana kakimbia kando ya reli, akijikagua mguu kila akisimama. Nikimwona dirishani, nashusha pazia.

Jana kocha kaeleza kwamba wale waliomtaka raundi ya kwanza walipiga na kupiga, wakakuta simu inatumika, wakadhani kijana anawakwepa kwa sababu ya kifundo. Verlene anailaani kampuni ya simu. Mimi naitikia amina. Kaka, niliyekuwa kwenye simu ni mimi. Nilimpigia Claudette, yule mke aliyeniacha, awashe televisheni amwone kijana niliyemfunza mpira. Nakuomba, mwandikie Delmar ukweli huu wewe, mimi nimeshindwa kumwambia.

Verlene na nyumba nzima wanakusalimu. Vaa kofia, ule vizuri.

Na usimweleze Delmar hili la mwisho: Claudette aliniuliza, "Vernon yupi?" Muda wote ule nilikuwa namkumbusha mimi ni nani.

Mdogo wako,
Vernon