Waya Nilioukata

Mjukuu wangu Zuberi,

Marahaba. Bibi yako mguu umepona, na dagaa wameanza kupatikana hapa Ujiji.

Unasema gita linanguruma na nyuzi zinakupiga shoti kidogo. Chomoa plagi kwanza, ndipo uendelee kusoma!

Amplifaya ya bendi yetu nayo ilinguruma. Nikakata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, mngurumo ukapungua, wenzangu wakaniita fundi bila kuuliza nilichofanya. Kwenye harusi tulivua viatu kwa heshima ya mikeka, na mchanga ulikuwa umelowa. Mwenzangu Hamisi alishika nyuzi, akaganda.

Alipona, ila vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena.

Tafuta fundi, babu. Naogopa.

Kila Ijumaa Hamisi hunipa mkono ule ule msikitini. Hajawahi kujua ni nani aliyeukata waya.

Babu yako