Ujumbe Ule wa Kundi la Darasa la Sita

Bweni la Wasichana,
Kahama.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na kuku wako wa Buswelu wameacha kufa. Habari zako huwa nazipata kwa Mama Gladness wa kwaya, naye husema kidogo kuliko anachojua. Princess hajambo? Mimi ni mzima, sasa niko kidato cha nne, nakula maharage mchana na usiku na sijakonda hata kidogo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Shuleni kwetu simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unafunga sanduku unarudi kwenu. Lakini hata ningekuwa nayo, habari hii nisingeituma kwa simu. Nakuomba usiichane barua kwa kuona tu kwamba imetoka kwa mtoto wa dada yako. Isome yote, halafu uichane ukipenda.

Unaukumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Mwalimu Pius, aliyekuwa akitufundisha mimi na Princess darasa la sita, alifungua kundi la WhatsApp na kuunganisha namba za wazazi hamsini na tatu. Asubuhi alituma mazoezi, jioni tulipiga picha madaftari tukamrudishia. Sisi watoto hatukuwa na simu. Princess alitumia yako, mimi nilisubiri Mama arudi kutoka kuuza dagaa sokoni Igoma ndipo nipewe yake. Siku ya kwanza Mwalimu alituma masharti: tusitume picha za watu, tusicheke jibu la mwenzetu, tusitoe mambo ya nyumbani, na kila mtoto aanze ujumbe kwa kuandika jina lake, kwa sababu kwenye kundi linaonekana jina la mzazi. Niliyanakili masharti yale kwa kalamu nyekundu na bluu, nikasifiwa mwandiko. Kwa kunakili nilikuwa hodari sana.

Mwezi wa tano, Jumamosi, ulikuja kwetu ukamweleza Mama kwamba baba mdogo amehamia Geita kwa mwanamke mwingine, na kwamba alikuja na gari akachukua hata kitanda, mkawa mnalala kwenye mkeka. Ulimwomba Mama asimwambie mtu yeyote, hata Bibi. Jumatano iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye kundi kutoka simu ya Mama, ukisema kuna watu wanajifanya wanajua kila kitu kumbe wanalala chini, kitanda kipo Geita kwa mke mdogo. Siri ile ulikuwa umempa mtu mmoja tu. Sikulaumu hata kidogo kwa kuamini ulichoamini, mtu yeyote angeamini hivyo.

Ulijitoa kwenye kundi siku ileile. Nilisikia baadaye kwamba kuna mzazi aliyeupiga picha ule ujumbe kabla haujafutwa, ukazunguka hadi kwa wanakwaya wenzako. Princess naye akawa hana masomo, na shule zilipofunguliwa hakurudi, ukampeleka Shirati kwa Bibi akarudia darasa. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza, Mama mdogo. Mwaka ule niliongoza mimi, na sijawahi kumwambia mtu jinsi nafasi ile ilivyonichoma.

Sasa nikueleze ya kwetu, kwa kuwa hukuyaona. Mama alikupigia wiki nzima, hukupokea. Akaja Buswelu mara mbili, akasimama getini na kapu la samaki, mara ya pili akaambiwa umesafiri ilhali kanga yako ya njano ilikuwa kwenye kamba, bado inachuruzika. Alirudi akapika wale samaki hakuwala. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia kwamba ana mdomo, naye akacheka, akadhani anasifiwa kwa kujua kubishana na wateja. Mimi nilikuwa pembeni nafunga dagaa kwenye gazeti, na sikucheka.

Halafu akamtuma Mama Gladness aje akwambie kwamba amekosa, umsamehe. Wewe ukajibu kwamba mkosaji amekiri mwenyewe, na msamaha aombe kwa Mungu. Jibu lile alilipokea kama lilivyo. Hakukulaumu, alisema tu kwamba una haki.

Mwaka jana tukamzika Bibi. Uliona mwenyewe watu walivyokuwa wengi pale Shirati, na Mama ndiye aliyekuwa anapakua chakula. Alikuletea sahani kwa mikono miwili, amepiga goti, yeye mkubwa kwako. Ukageuza uso ukamwambia Princess akachukue nyingine jikoni. Mama alibaki pale chini na sahani yake mpaka shangazi mmoja akampokea. Nilitamani kaburi la Bibi liwe bado wazi niingie.

Tuliporudi Igoma, tukiwa tunakunja nguo za msibani, nilimuuliza Mama kama anajua kwa nini hujamsamehe. Akaniambia anajua vizuri. Akasema juma lile, kabla baba mdogo hajarudi na gari kuchukua kitanda, alipitia kwetu akielekea Geita, naye Mama akamkaribisha ugali kwa samaki, na hata akamwekea begi lake uani mpaka alipopata usafiri. Anaamini kuna mtu aliyekwambia, ukaona dada yako anamlisha mwanamume aliyekuvunjia nyumba. Alisema ule ugali unamsumbua hadi leo, kwamba angejua angemwacha aondoke na njaa yake. Huo ndio msamaha alioutuma kwa Mama Gladness. Aliomba msamaha wa sahani ya ugali.

Kuhusu ujumbe wa kitanda hakusema neno, kwa sababu hajawahi kuuona. Mama hajui kama uliwahi kuwepo.

Ni mimi niliyeuandika, Mama mdogo.

Jumamosi ile mlipokuwa jikoni, Mama alinituma maji. Niliweka ndoo chini ya dirisha nikasimama pale mpaka ukamaliza kulia. Jumatano Mwalimu alitupa hesabu za sehemu, nikakosea, na Princess akaandika mbele ya kundi zima kwamba Akeyo amesahau kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Hakuwa na ubaya, alikuwa anasaidia kama alivyozoea. Lakini watu wakaweka vile vikaragosi vya kucheka, kimoja baada ya kingine, na mimi tangu nizaliwe nilikuwa nalinganishwa na Princess kwa kila kitu, hadi kwa kufagia. Kisha Princess akatuma picha ya daftari lake. Pembeni ya picha ukaonekana mkeka na mto. Hasira ikanipanda, nikaandika. Masharti yote yalikuwa kichwani mwangu, ningeweza kuyasoma bila kutazama. Sikutaja jina langu wala jina la mtu, niliandika kwa mafumbo kama nilivyosikia wanawake wa sokoni wakisemana, na nilipoutuma nilijiona mtu mzima.

Ulipopiga simu nilikata. Ukapiga tena, nikaizuia namba yako, kisha nikaufuta ujumbe kwa watu wote, nikidhani kitu kikifutwa kimekwisha. Jioni ile Mwalimu Pius alimwandikia Mama faragha akimsihi asilete ugomvi wa wakubwa mbele ya watoto. Nikamjibu kwamba samahani mwalimu, haitatokea tena, nikafuta na hayo pia. Kwa hiyo Mama alikwishaomba radhi kwa mwalimu wangu bila kujua, na mimi ndiye niliyemwombea. Simu ile iliibiwa mwaka uliofuata, zuio likaondoka nayo, lakini wewe ulikuwa umeshaacha kupiga. Nadhani kila ulipojaribu ulifikiri ni Mama anakukatia kwa kiburi. Hakuwahi kukukatia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa umri huo. Lakini nilikuwa na kumi na mitatu nikanyamaza, nikawa na kumi na sita pale msibani, naiona ile sahani, nikanyamaza. Niliogopa kipigo mwanzoni. Baadaye niliogopa Mama asije akanitazama kwa jicho lingine. Bibi ameondoka akidhani binti zake wanachukiana, na hilo siwezi tena kulitengeneza kwa barua yoyote. Naona aibu, na nasikitika kuliko ninavyoweza kuandika.

Princess nimemwandikia karatasi yake, nimeikunja ndani ya hii. Nakuomba umpe, akikataa kuisoma usimlazimishe. Mimi usinisamehe haraka, na kama hutanisamehe kabisa nitaelewa.

Siku ya wazazi kututembelea ni tarehe 28 mwezi huu. Nitamweleza Mama mwenyewe, uso kwa uso. Ningemwomba akupigie baada ya hapo, lakini yeye ameshapiga vya kutosha. Kama moyo wako utakuruhusu, piga wewe. Namba ni ileile. Simu ilipoibiwa alihangaika siku tatu kuirudisha laini, akikataa kuchukua mpya, kwa sababu ndiyo unayoijua wewe. Ukimpigia kabla ya tarehe hiyo atakuwa bado hajui lolote, na namjua atakachofanya akisikia sauti yako. Ataanza kuomba msamaha wa ule ugali. Nakusihi, Mama mdogo, usimwache amalize.

Nisalimie majirani wote wa Buswelu, na wanakwaya, na Mama Gladness umwambie asante kwa kubeba salamu zetu miaka yote hii. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mwanao,
Akeyo