Sipiyu Yako Sasa Inakimbia, Mhehe

Mtani wangu Kalinga,

Sipiyu yako, lile boksi la kompyuta, iko mezani kwangu, imewaka. Nakuandikia kwa mkono wangu huu mzito, usinicheke. Shule niliiacha mapema, lakini nani mwingine hapa Iringa angefanya nilichofanya?

Siku ya kuanua matanga niliingia kwako nikaibeba, kama mtani anavyoruhusiwa kubeba kitu cha marehemu mpaka wafiwa wakikomboe. Sisi Wangoni hatubebi vijiko. Mkeo akaleta jogoo wa kukombolea, nikamkataa. Nikatamka mbele ya kwaya nzima: "Mama Tumaini, nitairudisha inakimbia." Wakacheka. Nyimbo zote ulizowarekodi zimo humo, wanazitaka kwa Pasaka, na mimi nimeshajisifu. Tangu hapo sijatulia.

Fundi wa mjini akasema diski yako imechoka, aitoe, aweke SSD, diski mpya zile za kasi. Nikauliza, na nyimbo je? Akasema tutajaribu. Mimi nyimbo zako sijaribii. Nikaibeba, nikapanda basi mpaka Mbeya, kwa Bwana Salum wa Mwanjelwa, yule aliyekuwa akiniuzia betri za lori. Siku hizi anauza vitu vya kompyuta. Yeye alinielewa. Akanipa SSD nyembamba kama biskuti, mfumo wa kuwashia ameshauweka ndani yake, akasema hii ndiyo itawasha mashine, ile ya zamani ibaki palepale ikitunza nyimbo. Alitaka aifunge yeye. Nikamwambia nimeshusha injini za lori porini Chunya peke yangu, nitashindwa na kibiskuti?

Nikaifunga mwenyewe nyumbani. Haikuwa na pa kukaa, nikaikaza kwa mpira wa tyubu. Waya mmoja wa umeme, mwingine wa kupitisha mambo yake. Nikabonyeza. Ikawaka taratibu vilevile, inakoroma kama wewe kwenye mahubiri. Nikachomoa, nikachomeka, nikaipiga kofi. Wiki nzima nikaizunguka ile meza, nakaa, nainuka, na kumpigia Salum sitaki. Mwishowe nilipompigia, alicheka kwanza. Halafu akasema, "Mzee Komba, mashine haijui kama umeleta mpya. Inakwenda kwa ile iliyoizoea, mpaka uiambie."

Akanielekeza kitufe cha kubonyeza inapoanza kuwaka, ili mpya iwe ya kwanza kwenye orodha. Kazi ndogo. Lakini sikuifanya palepale, Kalinga. Nilikaa kwanza. Maana hata mimi, kila asubuhi miguu inanipeleka getini kwako. Nafika, nashika komeo, ndipo nakumbuka.

Sasa inawaka kabla sijavuta kiti. Zamani tuliibonyeza, tukanywa chai, ukanitukana mimi na ukoo wangu wote, nikakujibu, ndipo ikafunguka. Mimi nikiilaani kwa uzembe wake. Sikujua.

Nyimbo zimo zote, haikupotea hata moja. Nimefungua ile ya kwanza. Kabla kwaya haijaanza unasikika ukikohoa, unasema, "Soprano, msinivute." Nikazima. Nikatoka nje, nikarudi, nikawasha tena.

Kesho naipeleka. Ingekuwa imeshafika, ila nimekuwa nikisingizia mvua, na mkeo anaona jua kama ninavyoliona. Nikishaikabidhi mikononi mwake, mambo ya msiba yameisha, na sina tena sababu ya kubisha hodi pale kwenu. Hilo ndilo linalonizungusha humu ndani, si mashine.

Basi lala, Mhehe. Mimi nabaki na kelele zangu hizi, huna wa kukusaidia kuzijibu. Jumamosi nitakwenda kwako niseme nimekuja kuangalia kama waya umelegea. Na Jumamosi itakayofuata pia. Hilo nakuahidi. Nikiukuta umekaza, nitaulegeza mwenyewe.

Mtani wako,
Komba